Kiti cha Pweza Kilichopanda Iringa

Nakumbuka asubuhi ile ya baridi, mwanangu, tulipokuwa tukisomea viumbe wa bahari huku milimani Iringa. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mwenzangu Sudi, mzaliwa wa Kilwa, alirudi kutoka likizo na chupa ya spiriti. Ndani yake mlikuwa na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye mikono mitano kama nyota.

"Hiki hakimo katika orodha ya pwani yetu," alisema. "Keshokutwa kuna mkutano wa watafiti Mbeya. Nakitangaza."

"Kama kinalika, mimi Mnyakyusa nitakuamini," nilimtania.

"Nyie mnajua ndizi tu!"

Utani kando, nilikuwa upande wake. Tulikipindua, tukakagua miiba na mifereji ya tumboni, tukafungua kila kitabu. Hakikuwamo. Ndipo mwalimu wetu, Mama Luvanda, akaingia na kikombe chake cha chai, akakiinamia.

"Wanangu, hiki kimekomaa, au bado kichanga?"

Sudi alikimbilia kitabu tena, Mama Luvanda akamzuia.

"Kifaranga hafanani na mamaye. Huenda huyu ni mtoto wa yule tunayemjua siku zote. Tafuteni wadogo na wakubwa wake, ndipo mseme."

Sudi alinuna, na nilimwelewa. Akiukosa mkutano, mwingine angeweza kumtangulia, na ugunduzi ukawa wa huyo. Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tuliuacha mkutano upite. Mjomba wake Sudi, mvuvi wa Kilwa, akatutumia wengine wa aina ile kwa basi, wa kila kimo.

Katika mkutano uliofuata, Sudi alipokitangaza, mtaalamu mmoja aliinuka. "Kijana, umetuletea mtoto wa kile cha kawaida."

Sudi hakubishana. Alizipanga chupa mezani, kuanzia mdogo kama kifungo cha shati hadi mpana kama sahani. Miiba ilikuwa na mpangilio uleule kwa wote, wala haukufanana na wa kile cha kawaida, hata kwa yule aliyekomaa. Mtaalamu alizipitia moja moja, akavua miwani.

"Kiandikeni orodhani. Kipo kwetu."

Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Usiogope kusema ulichokiona. Ogopa kusema usichokimaliza kukitazama. Jiulize swali la mpinzani wako kabla yeye hajakuuliza, kisha simama wima. Na kilicho kigeni kwako usikiite kigeni duniani, maana wavuvi walikuwa wakikitoa kiti kile nyavuni miaka yote.

Mungu akupe macho yenye subira, na ulimi usioyatangulia.