Mke wa Mokami Kutoka Uswidi

Mseti alipokufa alimwachia mkewe Mokami mabinti wawili walioolewa mbali, jiwe la kusagia na zizi lililojaa ng'ombe. Kabla matanga hayajaisha zizi lilikuwa tupu. Wangwe, mdogo wa marehemu, aliwaswaga ng'ombe wote kwenda kwake, akasema anawatunza. Mwaka uliofuata akasema wamekufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe. Ilikuwa ndigana yenye kuchagua, kwa maana katika zizi hilo hilo iliwaua wa Mseti peke yao, ikawaacha wa Wangwe wakinenepa na kuongezeka. Mokami aliuliza mara moja. Akaambiwa mwanamke haulizi habari za zizi.

Wangwe alitaka pia kumrithi Mokami mwenyewe. Mokami akakataa. Tangu siku hiyo shemeji yake hakumwita kwa jina, alimwita yule wa kaka.

Katika nchi ile mwanamke asiye na mtoto wa kiume ni kama chungu chenye ufa: hupikiwa kila siku, lakini akija mgeni hufichwa. Ana njia moja tu, nayo ni ya zamani. Huoa. Hutoa ng'ombe akamwoa mwanamke mwenziwe, naye mke huyo huzaa na mwanamume atakayechaguliwa, na watoto huwa wa nyumba ile, hubeba jina la marehemu. Wakurya huiita nyumba ntobhu. Nyumba iliyooa hivyo, shemeji hawezi kuifunga. Lakini kuoa kunataka ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ndigana.

Ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliteremshwa kutoka vilimani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara iendayo Tarime, kila kaya na kiwanja chake. Wangwe alisimama mkutanoni akasema Mokami si kaya. Ni mtu, hilo alikubali, lakini si kaya. Kaya ina mwanamume, au ina mtoto wa kiume anayekua. Apewe nafasi nyuma ya jiko la mke wake mdogo. Mwenyekiti wa kijiji, Nyangwine, alikuwa mtu anayependa mambo yapite bila kelele. Akasema Mokami ajenge mwisho wa mstari wa mwisho, kwa muda, halafu baada ya mavuno mkutano uamue. Mokami akajenga. Wangwe akamtuma mwanawe mkubwa akapime kiwanja kwa hatua, apate kujua nyumba yake mwenyewe itakaa wapi.

Palizi ilikuwa katikati pale gari la wilaya lilipomshusha msichana wa Kizungu mbele ya ofisi ya chama. Alikuwa mwanafunzi. Nyangwine aliwaeleza watu kama alivyoelezwa yeye: chuo kikuu cha kwao Uswidi na chuo kikuu cha Dar es Salaam vimebadilishana wanafunzi, mmoja aje, mmoja aende. Huyu ndiye aliyekuja. Sasa vyuo vimefunga, wanafunzi wametawanywa vijijini waishi na wakulima na kulima nao. Atakaa mpaka mavuno yaishe.

Kila mtu akaangalia chini. Ilikuwa miaka ya kutafuta sukari kama mtu anavyotafuta mganga, na Mzungu lazima anywe chai. Wangwe akasema apelekwe kwa yule wa kaka, kuna nafasi, hakuna watoto wa kulia usiku. Akafurahia wazo lake hata akalibeba sanduku la msichana kichwani, akatangulia. Kina mama wa chama nyuma waliimba wimbo wa kumpokea mgeni, kwa sababu Nyangwine aliwaambia waimbe. Walipita mstari wote namna hiyo, shemeji mbele na sanduku, msichana katikati akiangalia miguu yake asijikwae, wanawake nyuma wakiimba.

Bibi Robhi, kikongwe wa nyumba ya tatu, alikuwa amekaa mlangoni. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini mwendo wa namna ile aliujua. Jioni akamfuata Mokami kisimani.

"Mokami, umeoa?"

"Nimeletewa mgeni, bibi."

"Nani amemleta?"

"Wangwe."

Bibi Robhi akafikiri. "Basi moyo wake umerudi," akasema, akajitwika mtungi wake akaenda kuwaambia wengine.

Mokami hakuongeza neno. Jambo alilosema lilikuwa kweli lote.

Msichana alikuwa na jina refu ambalo liligoma midomoni mwa watu, kwa hiyo Mokami akamwita Gati. Majuma ya kwanza Gati hakuwa na faida kwa mtu. Tumbo lilimharibikia kwa maziwa ya mgando, ambayo Mokami aliyapata kwa jirani. Jua lilimbabua shingo. Alilala na kandambili miguuni kwa kuogopa siafu, na usiku alilia kwa sauti ndogo, akidhani ukuta wa udongo hausikii. Siku moja alisema kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba huenda atamwomba Ndugu Mwenyekiti amrudishe Dar es Salaam. Mokami alikuwa anapepeta ulezi. Akamwambia gari hupita Alhamisi.

Lakini Jumatano Nyangwine alimsimamisha Mokami njiani, na mtu yule hakuwa na kawaida ya kumsimamisha. Alitaka kujua kama yale yanayosemwa ni kweli. Maana, akasema, kama nyumba ya Mseti imeoa, basi habari ya kiwanja itakuwa nyingine kabisa, itabidi wazee waulizwe kwanza. Mokami akamjibu kwamba yeye ni mwanamke, habari za mahari hazijui, awaulize waliomleta msichana.

Alirudi nyumbani akachukua kuku wake wawili, akaenda nao kwa miguu mpaka Nyamisangura kwa Athumani mwenye duka, ambaye sukari aliipata kutoka upande wa Sirari, mpakani, na hakupenda kuulizwa zaidi. Akarudi na sukari, majani ya chai na kipande cha sabuni ya kunukia. Akachemsha maziwa mabichi badala ya kuyagandisha. Akachukua majivu akamwaga mstari kuzunguka kitanda cha Gati, siafu wasipite. Kisha akaketi akamwambia, "Mwanangu, ugeni ni kama kiatu kipya. Ukikivua kwa sababu kinauma, malengelenge unabaki nayo na kiatu huna."

Alhamisi gari likapita. Gati hakupanda.

Baada ya hapo akakaa kweli. Chuoni kwao walimfundisha kwamba ukienda kuishi na watu, fanya wanachofanya, usijitenge, omba ruhusa. Naye alikuwa mwanafunzi mzuri. Aliamka kabla ya Mokami akafagia uwanja. Alijifunza kusaga akiwa amepiga magoti mpaka viganja vikaota sugu. Alichota maji, na wazee walipopita alipisha njia, akaweka ndoo chini, akawaamkia shikamoo akiwa ameinama. Hakwenda kuketi penye wanaume. Aliyemwuliza njiani yeye ni wa wapi, alimjibu kama Mokami alivyomfundisha siku alipopotea: mimi ni wa nyumba ya Mokami. Jambo lolote akitaka kulifanya alimwuliza Mokami kwanza. Kijiji kizima kilikuwa hakijaona mke mpya mwenye adabu kama ile, na wakwe kadhaa waliwasema wake wa wana wao kwa mfano wake.

Swali lililobaki lilikuwa la mahari. Wengine walisema serikali imetoa. Lakini Bibi Robhi, aliyesimuliwa vizuri maneno ya Nyangwine ya siku ile, alisema jambo liko wazi: wamebadilishana. Kijana wa kwetu ametolewa akaenda kwao, msichana wao akaja kwetu. Zamani wakati wa njaa watu walifanya hivyo. Na mtu mzima mwenye afya, akasema, si mahari ya kudharau.

Wanaume nao wakaanza kuja. Nyumba iliyooa hivyo humtafuta mwanamume wa kuleta mimba, na jambo hilo humhusu mwenye nyumba, si mke. Wa kwanza alikuwa Matiko, aliyefiwa na mke, akiwa na shati lililopigwa pasi. Alimwamkia Mokami kwa heshima kubwa, akauliza kama nyumba imekwisha kuchagua. Mokami akasema bado. Akasema vilevile kwamba paa linavuja upande wa mashariki. Matiko akaja kesho yake na nyasi, akaezeka siku mbili. Mwingine akachimba choo. Wa tatu, ambaye hata Mokami aliona haya kumpokea kwa jinsi alivyokuwa mzee, akaleta nguzo akajenga kichanja cha vyombo. Kila mmoja aliambiwa bado, na kila mmoja alikwenda zake kabla jua halijazama, kwa sababu Mokami alikaa mlangoni na mchi wa kutwangia mapajani.

Gati aliwapa maji ya kunywa akawashukuru. Akamwambia Mokami kwamba Dar es Salaam wanafunzi wenzake walibishana kama ujamaa upo kweli au ni maneno. Sasa amejionea mwenyewe, watu wanamjengea mjane bila malipo.

"Ndiyo," Mokami akasema. "Mimi pia nashangaa."

Wangwe hakushangaa, alikosa usingizi. Alikwenda kwa Nyangwine kusema mgeni wa serikali anadhoofika, ahamishiwe kwake kwenye maziwa mengi. Nyangwine akaja kumwuliza Gati. Gati akasema hapana, asante, ameshazoea.

Mavuno yakaisha, mkutano ukaitwa. Waliketi wote uwanjani mbele ya ofisi, wazee kwenye viti, wanaume kwenye magogo, wanawake chini. Nyangwine akasoma habari ya kiwanja cha mwisho wa mstari wa mwisho. Wangwe akasema maneno yake yale yale: si kaya. Mzee mmoja akamkatiza, akauliza vipi si kaya na ina mke.

Watu wakacheka kidogo, wakangoja. Nyangwine, akitafuta namna ya kulimaliza bila kelele, akamgeukia Gati.

"Ndugu mwanafunzi, hebu tusaidie. Wewe hapa kijijini ni wa wapi?"

Gati akasimama, akaipangusa sketi yake. "Mimi ni wa nyumba ya Mokami."

"Mmesikia," akasema yule mzee. "Na sanduku lake alilibeba nani? Wangwe, mura, si wewe uliyelibeba?"

Sasa watu walicheka sana, hata Nyangwine. Wangwe alikuwa mtu anayeweza kuvumilia kuchukiwa, lakini si kuchekwa. Akasimama.

"Niambieni, ameoa kwa kitu gani? Hiyo mahari imetoka wapi? Mali ya Mseti haijatoka hata kwato moja. Ng'ombe wa Mseti wote wako zizini kwangu, pamoja na ndama zao. Nendeni sasa hivi mkawaone."

Hakuna aliyecheka tena. Mbuzi wa mtu alikuwa anatafuna kamba ya bendera na hakuna aliyemfukuza.

Mokami aliketi palepale chini na wanawake wenzake. Hakusimama.

"Shemeji," akasema, "walikufa kwa ndigana."

Yule mzee akasema anaona mkutano huu sasa una mambo mawili, na la kiwanja ndilo dogo. Wazee wakajitenga, wakaongea mpaka kivuli cha ofisi kikafika barabarani. Waliporudi walisema hivi: mwanamke mwenye ng'ombe ana uwezo wa kuoa, na mwenye uwezo wa kuoa ni kaya, ameoa au hajaoa. Abaki mahali alipo. Wangwe awarudishe ng'ombe.

Njiani kurudi, Gati akauliza ile habari ya kuoa ilikuwa nini. Mokami akamwambia yote, hakuficha hata Matiko. Gati alisimama barabarani. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko siku ile alipobabuliwa na jua.

"Hukuniuliza, mama."

"Sikukuuliza," Mokami akakubali. "Hata mimi nilipoolewa sikuulizwa. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, na sikuwa na gari la Alhamisi."

Gati hakusema naye siku hiyo wala kesho yake. Alikula peke yake, akafua nguo zake akazianika mbali. Mokami alimwacha. Alijua hasira ya namna ile, alikuwa amekaa nayo miaka mingi na hakuona kwamba inapungua kwa kusemeshwa. Asubuhi ya tatu alisikia jiwe likisaga.

Wangwe aliwaleta ng'ombe bila kusema neno. Walikuwa ndio waliokonda, na ndama wazuri hawakuwamo. Mokami aliwajua waliokosekana mmoja mmoja kwa rangi zao, akawataja, na Gati akaenda naye kwa wazee kuwataja tena. Baadhi wakaletwa. Baadhi hawakuletwa mpaka leo.

Siku Gati alipoondoka wanawake walimfungia unga wa ulezi na kuku, kama anavyofungiwa mke anayekwenda kuwasalimu wazazi wake, kwa maana nusu ya kijiji bado iliamini. Alimkumbatia Mokami mbele ya watu. Mokami hakuwa amezoea kukumbatiwa, akasimama wima kama nguzo mpaka yakaisha.

Jioni Bibi Robhi alimkuta zizini anakamua. Akamwuliza mke wake atarudi lini.

"Amekwenda kusoma."

"Vibaya hivyo. Mke akienda kusoma harudi."

"Asirudi," Mokami akasema, bila kuacha kukamua. "Wewe bibi unajua watu wengi. Nitafutie mwingine, awe mtu mzima, na aulizwe kwanza."