Neno la Machibya juu ya Madabodi ya Nusrat

Mume wangu Machibya hajui kusema uongo, na msidhani namsifu, ni usumbufu mtupu. Ukimuuliza kama gauni limekupendeza, atakukagua mabegani, kiunoni, kwenye pindo, kisha atakwambia mshono wa kushoto umevuta. Nimeishi naye miaka thelathini na minne hapa Mabatini, Mwanza, na sijawahi kupika mboga ikapita bila kukaguliwa.

Alianza na redio, kijana aliyetoka Bujora na bisibisi moja mfukoni. Redio zikampeleka kwenye televisheni, televisheni zikampeleka kwenye kompyuta. Siku hizi wanaounda kompyuta za kuchezea gemu, na wale wanaohariri video za harusi kwa kompyuta hizo hizo, wote wanamjua. Hawamletei mashine mbovu tu. Wanamletea madabodi mpya, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu ndani ya kompyuta, awaambie kama unafaa au haufai.

Utaratibu wake ni mmoja. Hukaa na bodi siku saba. Huifunga mezani, pale kona ya sebule yetu, bila kasha, matumbo yote nje, akaiwekea programu ya kuichosha ikazunguka mchana kutwa na usiku kucha. Siku ya nane hutuma sauti kwenye kundi la simu la mafundi wa Kanda ya Ziwa. "Nimekaa nayo siku saba," ndivyo anavyoanza kila mara. Akisema chukueni, watu huchukua. Akisema acheni, hata uzigawe bure hazitoki, tangu Musoma mpaka Bukoba.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuja Nusrat. Huyu ni binti wa marehemu Suhaib aliyekuwa na duka la nguo mjini. Duka sasa linaendeshwa na kaka yake mkubwa, Ally, naye alitaka dada yake akae kaunta apime vitambaa kwa mita. Nusrat akakataa. Alikuwa amefungua kiduka chake mwenyewe cha vifaa vya kompyuta, na Ally alimpa mwaka mmoja tu: ukishindwa, unarudi. Mwaka ulikuwa umebakiza mwezi na ushei, na Nusrat alikuwa ameagiza shehena ya madabodi za gemu za aina moja.

"Shikamoo baba," akasema, akaweka boksi moja mezani.

"Marahaba mwanangu. Ya daraja gani hii?"

"Ya kati, baba. Wateja wangu wengi uwezo wao unaishia hapo."

Machibya akaitoa, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua sato sokoni. "Ya kati ndiyo ngumu kuipima," akasema. "Ya bei ya chini unajua itakufa mapema. Ya bei ya juu unalipia na jina. Ya kati lazima kuna mahali wamebana gharama, na kazi yangu ni kupajua."

Siku ya kwanza alikuwa na furaha. Nilimsikia akiisifu peke yake: nafasi nne za ramu, kapasita nzuri, vyuma vya kupoza vinene, mahali pa kuchomeka kadi ya picha pamezungushiwa chuma. Alichozima ni taa tu. Bodi za gemu zina taa za rangi zinazomwekamweka kama ukumbi wa harusi, na hapa kwetu ukiwasha taa za namna hiyo jioni, wadudu wa ziwani wanaingia kwa maelfu na kujazana kwenye feni. Kwa hiyo lile dude likawa linanguruma tu kule pembeni, giza.

Sasa wiki hiyo hiyo mimi na Teodora tulikuwa tunashona sare za kwaya. Teodora ni mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, mwanamke ambaye macho yake hufika jikoni kwako kabla miguu yake haijavuka kizingiti. Alikuja kila siku saa tisa alasiri, isipokuwa Jumapili. Na mimi nimelelewa kwamba kitu cha thamani sebuleni hufunikwa. Redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, makochi hufunikwa. Nimkalishe Teodora mbele ya kitu kilicho uchi, nyaya nje kama utumbo wa mbuzi? Saa tisa ilipokaribia nilitoa kabatini kitambaa changu kikubwa cha kufuma, kile cheupe cha nyuzi nzito, nikakikunja mara mbili, nikakifunika juu yake. Pakapendeza. Baada ya muda mngurumo ukakoma, nami nikashukuru, nikadhani limetulia. Teodora akiondoka, nilikiondoa, nikakikung'uta na kukirudisha kabatini. Machibya anafunga kibanda chake cha ufundi saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo hakuwahi kukiona.

Alichokuta kila jioni ni mashine iliyozima. Aliiwasha, akasoma saa iliyozimika, maana hujiandikia yenyewe, akanakili kwenye daftari. Uso ukaanza kukunjamana. Siku ya tano alikwenda nyuma ya nyumba akayagusa yale majabali ambayo nusu ya Mabatini imejengwa juu yake.

"Mawe yakishiba jua," akaniambia, "kuanzia saa tisa yanatema joto lote ndani. Bodi hii haiwezi joto letu. Hapo ndipo walipobana."

Alisema hivyo kwa namna ya mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Wahenga walisema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Walisahau kusema kwamba mara nyingine hupata kisichokuwepo. Mimi nilikuwa nachambua dagaa. Niliitikia tu.

Siku ya nane akatuma sauti: "Nimekaa nayo siku saba. Umbo zuri, vifaa vizuri, lakini kwa joto la Mwanza inazima. Acheni."

Wakaacha. Waliokuwa wameweka oda kwa Nusrat wakajitoa mmoja baada ya mwingine, na maboksi yakabaki yamepangwa mpaka darini.

Wiki ya pili baada ya hapo Nusrat alikuja tena. "Habari za hapa," akasema. Basi. Hakumpa shikamoo mtu mwenye umri wa baba yake, na si kwa kusahau, maana mtoto yule amelelewa. Machibya akaangalia chini.

"Nilikuwa nimeshauza tatu kabla hujasema," akaendelea Nusrat. "Nimezifuata zote. Moja iko Igoma, chumba cha bati kisicho na dari. Haijazima hata mara moja. Nataka tu kuelewa uliona nini."

Machibya akaenda kuleta daftari. Nilikuwa naingia na sinia la chai alipoanza kumsomea: "Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini. Jumamosi, saa tisa na dakika thelathini na nane. Jumapili haikuzima, palikuwa na mawingu. Jumatatu, saa tisa na dakika arobaini na moja..."

Nikasimama pale pale. Jumapili hatukushona. Jumapili kitambaa kilikuwa kabatini.

"Vipi, Mama Kija?" Machibya akaniuliza, maana chai ilikuwa inamwagika kwenye sinia.

"Ya moto," nikasema.

Nusrat alisikiliza mpaka mwisho. Alipoinuka akasema Ally ameshamwambia mwisho wa mwezi atakuja kuchukua ufunguo wa fremu ya duka, amrudishie mwenye nyumba, warudi wote dukani kwa baba. Hakulia. Afadhali angelia.

Siku mbili nilikaa na jambo lile kifuani. Hakuna aliyejua, hata Teodora hakujua. Nikinyamaza, mume wangu anabaki Machibya asiyekosea, na binti wa watu anarudi kupima vitambaa, watu waseme alijaribu. Nikisema, jina la miaka arobaini linachafuka. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba namlinda yeye. Lakini niwe mkweli: nilikuwa naogopa kuchekwa mimi. Mke wa fundi, aliyeivisha nguo kompyuta!

Jumapili baada ya chakula nikamwambia. Nilimwambia yote, mpaka kukunja mara mbili.

Hakufoka. Aliinuka, akaifunga ile bodi mezani kama alivyokuwa ameifunga mwanzo, akaiwasha. "Kilete," akasema. Nikaleta kitambaa. "Hivi?" Nikamrekebishia. Akavuta kiti, akavua saa ya mkononi akaiweka mbele yake. Nilikaa kwenye kochi nikiomba feni ziendelee kunguruma, Mungu anisamehe. Dakika thelathini na tisa. Zikanyamaza.

Akakiondoa, akaiwasha upya, akakaa pale pale. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, mawe yakashiba jua mpaka ukuta wa nyuma haushikiki. Bodi haikuzima.

"Nigombeze," nikamwambia.

"Nikugombeze nini? Wewe umefunika kitu nyumbani kwako. Mimi ndiye niliyekwenda kupima majabali, nisiulize sebuleni kwangu kunatokea nini."

Jioni ile akatuma sauti nyingine. "Kuhusu bodi ile ya Nusrat, nilikosea. Ni nzima. Chukueni." Basi, hakusema zaidi. Majibu yakaanza kumiminika, naye akaninyooshea simu nisome. *Mzee una utu. Mungu akulipe kwa kumhurumia yatima. Ndiyo maana tunakuheshimu.* Mpaka katikati ya wiki, hakuna hata mmoja aliyenunua.

Jumamosi tukaenda dukani kwa Nusrat, mimi na yeye. Tulikuta amekwisha kuanza kufungasha. Hata hatujakaa vizuri, akaingia Yakobo, kijana anayehariri video za harusi. Alipomwona mume wangu akainama kabisa.

"Shikamoo mzee wangu!"

"Marahaba. Yakobo, unatafuta bodi? Chukua hii. Nilikosea juu yake."

Yakobo akatabasamu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuelewa, mzee. Wewe ni baba wa wote." Akamwangalia Nusrat kwa huruma, akauliza bei ya waya mmoja, akaununua, akavuka barabara kwenda duka la pili. Tulimwona kabisa akionyeshwa bodi nyingine.

Nusrat akaendelea kufunga maboksi kwa gundi. "Wanadhani unanionea huruma, baba," akasema taratibu. "Mtu asiyekosea akisema amekosea, bila kusema alikoseaje, nani atamwamini?"

Machibya aliniangalia mara moja, akageuza uso haraka. Hapo nikaelewa. Alikuwa ananificha. Mtu anayeshindwa kunyamazia mshono wa gauni, alikuwa amenyamaza wiki nzima kwa ajili yangu, na ukimya wake ndio uliokuwa unamfungia yule binti duka. Nilimpenda mno dakika ile, na nikajionea haya.

"Nipe simu," nikasema.

"Mama Kija, acha."

"Nipe, Baba Kija."

Nikabonyeza pale anapobonyezaga yeye, nikasema nimesimama: "Mimi ni Sabina, mke wa fundi Machibya. Ile bodi haikuzimwa na joto la Mwanza. Niliizima mimi. Niliifunika kitambaa cha kufuma, kizito, nimekikunja mara mbili, kila siku saa tisa, kwa sababu nilikuwa na mgeni na sikutaka aone nyaya. Mume wangu akalaumu mawe. Jumapili mgeni hakuja, sikufunika, na bodi haikuzima. Daftari lipo, njooni msome. Sasa chekeni, na mkimaliza kucheka nendeni kwa Nusrat."

Wakacheka, jamani. Ile sauti ya msamaha ilikuwa imekwama hapa hapa mjini. Hii ya kwangu ilikuwa imefika Bukoba kabla jua halijazama. Watu nisiowajua wakatuma picha za kompyuta zimevishwa vitambaa, nyingine zimefungwa kilemba. Teodora alininunia wiki mbili ingawa sikumtaja jina. Lakini Jumatatu asubuhi Yakobo alirudi dukani kwa Nusrat akifuta machozi ya kicheko, akachukua bodi, na nyuma yake wakaja wengine. Mwisho wa mwezi Ally alifika kuchukua ufunguo. Akamkuta dada yake anahudumia, akasubiri, akachoka kusubiri, akaondoka peke yake.

Machibya ndiye aliyelipa. Sasa akisema "nimekaa nayo siku saba", lazima kuna atakayeuliza kama mama alikuwa safarini. Wengine hawaleti tena bodi kabisa. Wiki iliyopita meza yake ya sebuleni ilikuwa tupu, mara ya kwanza tangu nimjue, naye akaizungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu.

Nikamuuliza kama anajuta kwamba nilisema.

Akakaa chini kwanza, akalifikiria swali upande huu na upande huu. "Inaniuma," akasema. "Usiku na mchana inaniuma. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba ningekuwa peke yangu, lile la kitambaa nisingelisema. Yule binti angefunga duka, nami nikijua."

Akaziba uso kwa viganja. Nilisogeza kiti changu nikakaa karibu naye.