Baba Mkwe Ndiye Aliyekata Gari, Lawama Nimebebeshwa Mimi

Ujumbe huu umetoka kwa mfuatiliaji wetu wa Durban. Jina lake tumelificha, na la mtoto wake tumelibadilisha, kama alivyoomba. Someni mpaka mwisho kabla ya kumshambulia.

Habari zenu wote humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, Mkongo, nimeoa na nina mtoto mmoja wa kike. Tunaishi ghorofani, Albert Park. Ni fundi wa bodi za magari, na gereji niliyokuwa nafanyia kazi iko Pinetown. Gereji hiyo ni ya baba mkwe wangu. Najua tayari kuna wanaosema, "Ukome, nani alikutuma kufanya kazi kwa wakwe?" Semeni tu, mimi nimeshajisema kuwazidi.

Mwaka huu mzungu mmoja mzee wa Morningside alituletea gari la spoti la zamani, la viti viwili, lisilo na paa. Alilinunua akiwa kijana na sasa alitaka lirudi kama jipya. Mimi ndiye niliyelivua: boneti, madigadi, bampa, mwisho milango. Bolti za kila kipande nilizitia kwenye mfuko wake ili zisichanganyike. Jamani, niliifurahia ile kazi, sijawahi kushika gari zuri namna ile. Tatizo lilikuwa chini ya milango. Bati la pale lilikuwa limeoza kabisa, ilibidi likatwe liwekwe jingine.

Sasa gari lisilo na paa linashikiliwa na hilo bati la chini. Ukilikata bila kwanza kuchomelea chuma cha kushikilia pale mlango ulipokuwa, bodi inabonyea katikati. Nikamwambia baba mkwe kwa adabu, "Papa, tutie kwanza chuma." Mafundi wengine walikuwa wanasikia, na hapo ndipo nilipomuudhi, maana mkwe humrekebishi mbele za watu. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mimi nilianza kukata magari mbele baba yako aoe. Chuma ya nini? Leta mashine." Akakata mwenyewe, pande zote mbili.

Siku ile hatukuona kitu. Tuliona tuliporudisha milango kupima. Juu ilibana, chini ikaacha nafasi ya kupitisha vidole, na haikufunga. Baba mkwe akaisukuma kwa goti. Nilitaka kulia.

Mzungu alipokuja akauliza ni nani aliyekata. Baba mkwe akaninyooshea kidole. "Ni huyu. Nilimwambia aweke chuma, hakunisikia." Maneno yangu mwenyewe, ndugu zangu! Lakini ningefanyaje? Nimwite baba wa mke wangu mwongo mbele ya mteja? Nikainamisha kichwa nikasema, "Sorry, sir." Basi, nikawa nimekiri. Kasoro ile ilikuwa inatibika, ungeliinua kwa jeki polepole mpaka milango ikae, ila mzee wa watu hakutaka tena kusikia la mtu. Alipakia gari lake kwenye trela, na vipande vyote, akaondoka.

Kwa baba mkwe sikuweza kubaki tena, na wenye magari ya zamani wanajuana. Kwenye gereji nilizokwenda kuomba kazi baadaye walikuwa wameshasikia kwamba ni mimi niliyeharibu gari la Morningside. Nyumbani nako ni hivyo hivyo. Juzi nilimwambia mke wangu kwamba plagi ya jiko imelegea, akanijibu, "Usiiguse, wewe fundi wa kuharibu." Alikuwa anatania, lakini liliniingia.

Sasa ukoo wa mke wangu umekaa kikao. Wameamua nilete mbuzi na kreti za vinywaji Jumapili hii baada ya ibada, nimuombe baba mkwe msamaha kwa kutomsikia. Natakiwa kusema kwa mdomo wangu kwamba nilikataa kuweka chuma nikakata. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, kwa hiyo na mchungaji atakuwepo.

Nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo hiyo nitamlipua mbele yao wote. Kisha baba mkwe akaja kwetu Jumanne, hakupanda juu, akaniita nishuke nikae naye ndani ya gari. Halafu akasema, "Mwanangu, mimi najua nani alikata. Mungu pia anajua. Lakini wewe ungali kijana, jina yako itarudia. Yangu ikianguka sasa, mimi sina tena miaka ya kuiinua. Nisaidie." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimchukia, na nilimhurumia, nikafungua mlango nikashuka. Akachukulia nimekubali.

Jana tukiwa tunakula, mke wangu aliacha kula akaniangalia. "Baba Keren, niambie. Ni wewe kweli ulikata ile gari? Mimi nakujuaka. Nyumba hii hata msumari unaupima mara mbili."

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikakumbuka mikono ya mzee ilivyonishika, nikaangalia sahani, nikamwambia, "Kula, fufu inapoa."

Hakuniuliza tena. Leo asubuhi amenipigia pasi shati jeupe la Jumapili, na nimeona macho yake yamevimba. Sijui amelia kwa sababu ameamini ni mimi, au kwa sababu amejua ni baba yake.

Nikisema ukweli namvua mzee nguo mbele ya watoto wake. Nikinyamaza, mtu pekee aliye na imani nami namfanya ajione mjinga kwa kuniamini. Ninyi mnaoishi na wakwe, naombeni mnishauri kabla ya Jumapili. Mke wangu nimwambie nini?