Pamba Kwanza, Mashine Halafu, Wembe Mwisho

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, nimemkalisha mume wangu kwenye kigoda uani kwetu Tandika, taulo nimemfunga shingoni, mkononi nina wembe na moyoni nina kiburi cha kujaza ndoo. Sogea hapa nikuhadithie, maana nakuona unavyojikuna shingo, na mie vipele vya ndevu nimevijua toka sijawa bibi wa mtu.

Mume wangu alikuwa anaitwa Shomari, Mungu amrehemu. Alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja kubwa kule mjini, wale wa kuvaa shati jeupe na kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Sasa meneja wao alikuwa na mambo. Kila asubuhi anawapanga mlango wa jikoni, anawakagua nyuso kama mtu anayechagua nyanya. Ndevu hataki, vipele hataki. Na kumnyoa Shomari ilikuwa kazi yangu, maana zamani sie watu wa pwani mwari hakufundwa kupika tu. Somo yangu Bi Mgeni, ndiye aliyenifunda mambo yote ya ndoa, alinifundisha na kunyoa. Akanipa kipande cha pamba, akasema ukimnyoa mumeo pitisha pamba usoni, uisikilize. Mie nikaitikia ndiyo somo. Mwari ana usingizi, ana njaa, anaitikia kila kitu, kumbe nusu ya maneno yanapita dirishani.

Basi siku hiyo hoteli inapokea harusi kubwa, na Shomari kapangiwa meza ya mbele, ya maharusi wenyewe. Nikasema leo wataulizana huyu mke wake ni nani. Nikamnyoa kushuka chini. Nikashusha pamba, ikateleza. Nikaipandisha, ikanasa. Aa, nikasema, hapa hapajaisha. Nikavuta ngozi, nikanyoa kupanda juu. Kidevuni bado inanasa, nikarudia. Shingoni ndiyo nikaenda kila upande, kama nafagia uwanja wa sherehe. Shomari ananiambia polepole mke wangu, hiyo ni ngozi, si kiazi. Mie namwambia atulie. Nilipomaliza uso ulikuwa unateleza kama sahani ya kaure. Akaenda zake kazini, na mie nikaenda zangu bombani kujisifu kwa wapangaji wenzangu.

Ngoma ikilia sana hupasuka. Siku ya tatu shingo ya Shomari iliota vipele kama kamwagiwa ulezi. Ndevu zetu sie zimejikunja, mwanangu. Ukizikata chini mno na ngozi umeivuta, zikianza kuota zinarudi ndani, zinachimba. Leo najua. Wakati ule nikadhani ni uchafu, nikachukua wembe uleule nikapita juu ya vipele. Akaenda kazini, na kola yake nyeupe ikapata matone ya damu mbele ya watu wanaokula. Meneja akamtoa ukumbini palepale. Akampa wiki mbili: arudi na uso usio na ndevu wala kipele, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Hebu fikiria. Ndoa ina miezi minne, kazi tunayoitegemea ni hiyo moja, na aliyeiharibu ni mie kwa mkono wangu huu. Wala hakunigombeza. Bora angenigombeza, ningepata pa kujibu. Alikaa tu kibarazani anajipepea shingo na mfuniko wa sufuria.

Siku hizo kaka yake, shemeji yangu, alikuwa baharia. Akarudi safarini na mashine ya kunyolea, ya kutia betri, kitu ambacho mtaani kwetu hakuna aliyewahi kukiona. Ukiiwasha inanguruma kama nyuki ndani ya kopo. Vipele vilipopoa, Shomari akaipenda hiyo mashine kama kaongeza mke wa pili. Akaniambia, kwa upole tu, kwamba wembe wangu sasa upumzike. Iliniuma, nisikufiche. Siku ya kumi akajinyoa mwenyewe kwa mashine tupu, akaenda kujionyesha. Vipele hana, lakini mashine ilikuwa imeacha visiki. Kidevu cheusi, ukikigusa kama msasa.

Meneja akamuuliza, "Wewe umenyoa au umejipaka masizi?" Akamkumbusha zimebaki siku nne.

Hapo nikaona maji yamenifika shingoni. Kesho yake nikajifunga khanga, nikaenda Kinondoni kwa somo yangu. Nilizunguka nyumba yake mara mbili ndiyo nikapiga hodi, kwa aibu. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kueleza. Nikamlaumu Shomari, nikamlaumu meneja, nikailaumu mashine, nikamlaumu na shemeji aliyeileta. Bi Mgeni anatafuna tambuu yake tu, ananiacha, mpaka nikaishiwa watu wa kuwalaumu. Akavaa baibui lake, akasema twende nikamwone huyo mgonjwa wako.

Tulipofika akamkalisha Shomari mahali penye mwanga. Ndevu zilikuwa zimeshachomoza tena kidogo. Akanipa pamba, akaniambia nimpitishie shavuni. Nikashusha, ikateleza. Nikapandisha, ikanasa.

"Haya, inakwambia nini?"

"Inasema hapajaisha, somo."

Akanitazama kama ndiyo ananiona leo. "Mie nilikupa pamba ikuonyeshe njia, wewe ukaifanya hakimu. Inakoteleza ndiko ndevu zilikolala, na wembe unapita hukohuko. Inakonasa huendi. Nani alikutuma ukapigane nazo?"

Akaniambia sasa nishuke shingoni. Mwanangu, shingoni mambo yalikuwa kinyume. Nikishusha inanasa, nikipandisha inateleza. Ndevu za Shomari za shingoni zilikuwa zimelala kwenda juu, na upande wa kushoto zinaelekea sikioni. Miezi minne nanyoa uso ambao siujui. Machozi yakanitoka. Shomari yeye akacheka, na toka yale mambo yaanze alikuwa hajacheka.

"Somo," akasema, "kumbe mwenzangu ananivunjia nyumba kila siku kwa sababu hajui mlango uko wapi."

Ikabaki mashine. Nilitamani somo aikemee, nisikudanganye, nilishaanza na kutabasamu. Yeye akaichukua, akaiwasha, ikamshtua karibu aiangushe, kisha akaipitisha mkononi mwake, akacheka mpaka tambuu ikamtoka.

"Huyu mwacheni afyeke," akasema. "Wembe utakuja kupalilia. Mtu gani mwenye akili anapalilia pori?"

Kidole kimoja hakivunji chawa. Asubuhi ya siku ya mwisho tukafanya alivyosema. Kwanza nikapitisha pamba uso mzima, nikaweka kichwani kila sehemu inalalia wapi. Ikaja mashine, uso ukiwa mkavu, bila kukandamiza, ikakata zile ndefu zikabaki visiki vifupi. Halafu nikachukua taulo la maji ya moto, nikamkanda mpaka ngozi ikalainika. Nikapiga povu la sabuni kwa brashi, nikatia wembe mpya. Nikapita mara moja tu, njia ileile zilikolala, ngozi sijaivuta. Nilipofika kidevuni mkono ulitaka kurudia, wallahi ulikuwa unawasha kwa kutaka kurudia. Nikaukataza. Nikammwagia maji baridi, nikampaka shabu, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi. Nikamwambia nenda.

Sasa kungoja. Nilijua akikataliwa atakuwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikachambua mchele wa kesho. Adhuhuri ikapita, mlangoni kimya. Alasiri ikapita. Jirani akaniuliza mbona nacheka peke yangu na mume hajarudi, nikamwambia ndiyo sababu nacheka. Magharibi akaingia, kola nyeupe kama alivyoondoka nayo. Nikamuuliza meneja kasemaje.

"Kasema meza ya nne wanataka supu."

Mie nikatosheka. Lakini sikulala vizuri mpaka siku ya tatu, maana vipele ndiyo siku yake hiyo. Nikamshika kidevu asubuhi, nikamgeuza huku, nikamgeuza huku. Hakuna hata kimoja. Pale hotelini alikaa mpaka mvi zikamuota.

Nyie wa siku hizi mna mashine za kila namna, mwanangu, na saluni kila kona, kutoka Pugu mpaka Wazo. Mwenye mashine anamcheka mwenye wembe, mwenye wembe anasema mashine hainyoi, na wote wawili wanakuja kunisalimia shingo zimejaa vipele. Mie nawaambia msigombane. Mashine peke yake inaacha, wembe peke yake unachukua mno kwa sababu unaulazimisha ufanye kazi ya wawili. Anza na mashine, maliza na wembe, na katikati usiyaonee uchungu maji ya moto. Wembe wako uwe wako, usiazimane na mtu hata akiwa ndugu yako wa damu. Kukiwa na kipele, acha kwanza kipone. Uso hauna haraka, mwenye haraka ni wewe. Na kile kidogo kinachobaki ukimaliza, kiache kibaki. Mie kilichokuwa kinaniharibia si ndevu za Shomari. Ni kutaka wenzangu pale bombani wanione.

Na lingine, hili si la ndevu tu. Kitu kipya kikiingia ndani usikichukie kwa sababu kimekukuta na chako, na cha zamani usikitupe kwa sababu kimekuumiza mara moja. Kipe kila kimoja zamu yake. Na mtu unayeishi naye, kabla hujamtengeneza upendavyo wewe, mpapase kwanza ujue amelalia wapi. Mie nilijifunza kwa damu ya mwenzangu, wewe jifunze kwa kunisikiliza, ni rahisi zaidi.

Haya, nenda kaoge. Mungu akupe mkono mwepesi na subira nzito. Akupe watoto wa kukukumbatia wakuwekee mashavu yao hapo bila kulalamika kwamba baba unachoma. Akuzeeshe taratibu, mwanangu, uso wako uchoke kwa kucheka tu. Amin.