Moteri Moja kwa Magari Saba

Siku yangu ya kwanza katika biro ya uchukuzi ya Kalemie, Shefu wa Biro alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge chesisi ya lori lililosimama uani. Nikagonga, kutu ikamwagika juu ya viatu vyake. "Sasa umeanza kazi," akasema, akaenda kujipangusa. Baada ya hapo nilikagua magari Moba, ambako yalikuwa machache mno, kisha Manono, ambako nilikagua zaidi mashimo ya barabara, na mwisho nikarudishwa Kalemie.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu ulipokuja mpango wa serikali: leta gari lako kuukuu likatwe vipande, upewe karatasi ya kusamehewa ushuru wa duwane, yaani forodha, kwa gari jipya litakalovuka ziwa kutoka Kigoma. Sharti lilikuwa moja tu, gari liingie uani kwa moteri, si kwa kusukumwa. Mimi nilikuwa na kamioneti yangu kuukuu, na karatasi ile niliitaka kuliko kitu chochote, maana sikutaka kustaafu nikitembea kwa miguu. Nikaipeleka kwa Fundi Kabwe airekebishe breki. Ningeileta siku ya mwisho, watu wasije wakasema mkaguzi amejitanguliza.

Magari sita ya kwanza yaliingia yakikohoa namna ileile: mara mbili, kimya, halafu mara moja. Kikohozi kile nilikifahamu, ila sikukumbuka nilikisikia wapi. Nikachunguza, nikagundua kwamba mafundi walikuwa wakiing'oa moteri ileile kabla bodi haijakatwa na kuifunga kwenye gari lingine lililokufa zamani. Nikamwendea Direkta aliyesimamia mpango.

"Tufanye nini sasa, Papa?" akaniuliza.

"Tuiue moteri hapa hapa, Direkta. Tunatoa oili, tunatia muchanga, tunakanyaga mafuta mpaka igande."

Akanipa mkono. Siku ile nilijiona mtu mwenye akili sana.

Kesho yake akaingia Mama Feza, muuza samaki wakavu, na kamioneti yake, Fundi Kabwe akiwa kando yake. Kabwe alipoona ndoo ya mchanga akaanza kutoka jasho. Nikafungua boneti. Kifuniko cha oili kilikuwa cha mbao ya muvule, na nilikuwa nimekichonga mimi mwenyewe.

"Kabwe," nikanong'ona, "gari yangu iko wapi?"

"Iko garaji, Papa. Iko muzima kabisa. Inakosa tu moteri."

"Papa, unangoja nini?" Direkta akaita.

Kama ningesema moteri ni yangu, ningeonekana mwenye biashara nzima, na pensheni ningeisikia kwa watu. Nikatia mchanga, nikakanyaga mafuta. Ikakohoa mara mbili, ikafa. Iliniuma sana, sifichi. Machozi yalinitoka, Direkta akadhani ni moshi.

Mama Feza alipata karatasi yake, na gari lake jipya linang'aa. Akinikuta njiani husimama: "Papa, panda! Wewe njo ulinisaidia!" Napanda nyuma, katikati ya samaki.

Ninyi mnaoanza kazi hii, fungueni boneti kwanza, mtoe mashauri baadaye. Mimi mtaani wananisifu kwamba nimestaafu bila kula hata msumari wa serikali. Ni kweli kabisa. Serikali ndiyo iliyokula moteri yangu, na mimi ndiye niliyeilisha.