Kompyuta Iliyotegeshwa

Ukiniuliza ni ugonjwa gani uliotutesa zaidi kijijini kwetu Genkuru miaka ile ya dhahabu, sitataja malaria. Nitataja flashi. Flashi moja ilitoka Sirari imejaa filamu, ikapitia kwenye kwaya, ikapitia kwa daktari wa mifugo, ikalala siku mbili kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kila ilipochomekwa iliacha mimba. Mimi nilikuwa na kibanda cha mabati cha kutoa fotokopi, kupiga picha za pasipoti na kutengeneza kompyuta. Wengine walikuwa wanachimba mawe, mimi nilikuwa nachimba virusi, na sioni aliyekuwa na kazi safi zaidi ya mwenzake.

Jumamosi moja asubuhi akaja mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la nne. Alikuwa amebeba kompyuta yake ndogo ndani ya kitenge cha mkewe, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Binti, mashine hii imekuwa jeuri," akasema. "Kila nikiiwasha inaniambia inaweka masasisho, nisiizime. Siizimi. Ikifika asilimia thelathini na tano inasema imeshindwa, inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Halafu inajizima, inajiwasha, inaanza upya. Tangu Jumatano."

"Na wewe unafanya nini muda wote huo, mwalimu?"

"Natii."

Huyu ndiye mtu aliyekuwa akituchapa kwa kurudia kosa lilelile mara mbili. Sasa alikuwa amekaa siku tatu mbele ya mashine inayorudia kosa moja, na hakuigusa. Nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka, akaanza kunieleza kilichokuwa ndani.

Upande wetu wa kilima ulikuwa umetajwa kuchukuliwa na mgodi. Watu watahama, mifugo itahama, na makaburi nayo yatahamishwa. Tatizo ni kwamba makaburi ya zamani kwetu ni mawe tu, hayana msalaba wala maandishi. Kwa miaka minne mwalimu alikuwa akitembea na bibi vizee, anawauliza jiwe moja moja, hili ni la nani, na lile pale karibu na zizi la zamani ni la nani. Kila jibu aliliandika. Jumatatu kamati ya kuhamisha makaburi ingekuja kuchukua orodha. Kaburi lenye jina lingehamia na jina lake, na ndugu wangeitwa. Yasiyo na majina yangefukiwa pamoja kwenye shimo moja, na juu yake kibao kimoja: wasiojulikana.

"Hukutoa nakala?" nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mwalimu.

"Nilitoa. Iko kwenye flashi."

Akaitoa mfukoni. Nikaitazama kama unavyomtazama mbwa mwenye povu mdomoni.

"Basi waite tena hao bibi."

"Wawili wameshakufa. Na mimi mwenyewe nikijaribu kukumbuka, naanza kuwachanganya." Akatazama chini. Nilimwonea huruma, na mimi sipendi kumwonea mtu huruma kabla sijanywa chai.

Nikaiwasha mashine kwa ile njia ya dharura, inayoamka na vitu vichache tu, kama mtu aliyetoka nje na shuka. Hapo angalau nikapata kuona. Folda lake la makaburi lilikuwepo, jina lake lilelile, ila pembeni lilikuwa na kimshale kidogo. Nikalibonyeza. Halikufunguka. Mafolda yote yalikuwa hivyohivyo, hata la mahubiri ya mkewe.

"Mwalimu," nikasema, "hapa wametegesha."

Kwa mgeni inabidi nieleze. Kutegesha ni kazi iliyostawi kwetu kuliko mahindi. Uvumi ukitoka kwamba wathamini wa fidia wanakuja, mtu anasimamisha nyumba kwa siku mbili, udongo bado unachuruzika, anaweka mlango, ndani hamna hata kigoda. Anapanda miti elfu kwenye eneo la kufunga ng'ombe watatu. Mthamini akifika anamkuta mwenye nyumba amekaa kivulini, anaapa kwamba babu yake alizaliwa humo. Waliotegesha ni wengi, na wengine ni watu wazito wanaosimama kanisani kusoma somo la kwanza.

Sasa yule virusi alikuwa ametegesha ndani ya kompyuta ya mwalimu. Mafolda ya kweli aliyaficha nyuma, mbele akasimamisha ya uongo yenye majina yaleyale. Kisha akajiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyoamka na mashine, kama mkazi wa siku nyingi. Na kwa kuwa masasisho huja na ukaguzi, alikuwa amechezea mafaili ya mfumo ili kila sasisho likwame njiani, na anwani za mtandaoni za kuchukulia dawa ya virusi akazielekeza mahali pasipo na mtu. Nilimweleza mwalimu hivyo, na alielewa haraka kuliko wateja wangu wote wenye diploma.

"Kwa hiyo nyumba ya kweli ipo, ila iko nyuma ya ya uongo."

"Ipo."

"Basi bomoa ya uongo."

Nina sidii moja ambayo siazimishi mtu, hata akiwa mchungaji. Sidii haiandikiki, kwa hiyo haiambukizwi. Nikaiwasha mashine kwa hiyo, nikatoa kwanza nakala ya mafaili yake, nikayafichua yale yaliyofichwa. Folda la makaburi likatokea, limepauka kidogo, halafu likakolea. Mwalimu akavua kofia. Nikaondoa virusi mia mbili na kitu, ambao kumi hivi nilikuwa nafahamiana nao kwa majina, nikarudisha anwani kwenye njia zake, nikarekebisha mafaili ya mfumo, nikafuta masasisho yaliyooza katikati. Kisha modemu nikaiweka ndani ya sufuria juu ya paa, maana bila sufuria mtandao wa Genkuru haushuki, nikaanzisha masasisho upya yajipakue.

"Hii itachukua saa nyingi," nikamwambia. "Nenda ukanywe chai."

"Nitaenda. Wewe pitia ile nakala kwenye mashine yako, uone kama kuna mstari uliokatika."

Nikaanza kusoma. Mzee aliyekufa kwa kupigwa na radi akiwa na ndama. Mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mpaka, ndugu zake wako Migori. Mtoto wa kike, alikufa kabla ya kupewa jina, mama yake alimzika peke yake. Kilichonishangaza ni jinsi mwalimu alivyoandika yote kwa utulivu uleule. Pale mtu alipotegesha kaburi, maana hata makaburi walitegesha, nayo yana fidia yake, hakuongeza tusi wala ushauri. Aliandika tu: hakuna mtu.

Nikafika mstari wa hamsini na moja. Kaburi la mtoto wa kiume, lina saruji. Nyuma ya nyumba, na nyumba ilikuwa ya baba yangu. Tegesha. Wameulizwa bibi watatu. Hakuna mtu.

Nilisoma mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa la herufi.

Miaka minane nyuma baba alinionyesha lile kaburi, akasema ni kaka yangu aliyekufa mchanga kabla sijazaliwa, na kwamba sasa amepata uwezo wa kulijengea. Mama alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kumpinga. Mimi nililia pale. Nilililia saruji. Na nilipojifungua mtoto wa kiume, nikampa jina la huyo kaka, maana kwetu marehemu hurudishwa nyumbani kwa jina. Jina hilo ndilo watu wanaloniitia, mama fulani, na ndilo nililoandika kwa rangi nyekundu kwenye bango la kibanda. Ndipo nikaelewa kwa nini mwalimu peke yake, kijiji kizima, alikuwa ananiita binti.

Sitajifanya mtakatifu. Niliuchagua ule mstari wote, ukawa bluu, na kidole changu kikakaa juu ya kitufe cha kufuta. Mwalimu asingekumbuka, alisema mwenyewe anawachanganya, na mashine yake nayo ilikuwa mikononi mwangu. Baba asingeaibika mbele ya kamati. Nilikuwa na hasira ya kufuta kilima kizima. Lakini mistari miwili juu yake alikuwepo yule mtoto asiye na jina ambaye mama yake alimzika peke yake, na nikawaza mtu mmoja akigundua kwamba orodha imechezewa, nani atamwamini mwalimu kuhusu huyo? Nikaondoa kidole.

Mwalimu aliporudi hakuuliza kuhusu masasisho. Alinitazama mimi.

"Umeona."

"Nimeona, mwalimu. Kwa nini uliniletea mimi?"

"Kwa sababu hapa hakuna fundi mwingine," akasema. "Angekuwepo, wallahi ningempelekea yeye."

Tukakaa tunatazama asilimia. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Hapo ikakaa muda mrefu, mwalimu akashika ukingo wa meza. Thelathini na sita. Alipumua kwa sauti, akasema, "Heee!" kama ng'ombe aliyepotea ameonekana. Ilipofika mia na kuamka bila ugomvi, nikamprintia orodha nakala tatu. Mstari wa hamsini na moja ulikuwa mahali pake. Akazifunga kwenye kitenge pamoja na mashine.

Nilifunga kibanda mapema. Njiani nilipanga maneno makali, mengine ya Kikurya ambayo siwezi kuyaandika. Nilimkuta baba amekaa mlangoni anapukuchua mahindi. Maneno yote yakaniishia. Nikasimama tu uani, nikamwita mwanangu kwa jina lake.

Baba ndiye aliyeinua kichwa kwanza. Aliona uso wangu, akajua, mikono yake ikasimama juu ya gunzi. Nikaita tena.

"Naam, mama!" mwanangu akaitika kutoka nyuma ya nyumba, kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba jina ni lake.