Chai ya Idi Isiyotiwa Sukari

Idi iliyotangulia, baba yangu aliwaamkia wageni kupitia dirisha. Alisema kichwa kinamuuma. Kichwa hakikuwa kinamuuma hata kidogo.

Kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, chai hutiwa sukari ikiwa bado jikoni, inachemka na tangawizi, halafu inamiminwa kwenye chupa moja ya wote. Hospitali ilipomkataza baba sukari, mama akamnunulia kachupa kake. Chai chungu haikumsumbua. Kilichomsumbua ni jirani kukatazama kale kachupa na kumwambia pole. Kuanzia hapo akawa hanywi chai na watu.

Mwaka huu niliapa atakaa barazani. Dukani niliona kikopo cha adosante, vile vidonge vidogo vya kutia utamu bila sukari, nikakinunua. Nikavichemsha na chai kama tufanyavyo sukari, na utamu ukapotea. Nikaongeza, ikawa inaacha uchungu kwenye shina la ulimi. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa, na kisipokuwa sawa silali. Ramadhani yote, baada ya futari, nyumba nzima ilionjeshwa.

"Mwanangu, hii chai au mtihani?" mama aliniuliza.

Kireno nimejifunza mwenyewe kwa simu, kwa hiyo nilichelewa kuelewa maandishi ya kikopo: visichemshwe. Nilivitia chai ikiwa imeshaepuliwa, ikawa tamu, nikaruka peke yangu jikoni kama mtoto.

Mama akashauri tuwape wageni hiyohiyo, tusiseme kitu. Sikuweza. Watu wanavisema vibaya vidonge hivi, wengine wanaviita sumu, na mtu ana haki ya kujua anachokunywa. Nilihangaika mpaka jibu likanijia nikiosha vikombe: chai isitiwe chochote. Sinia litoke na chupa moja, bakuli la sukari na kikopo, kila mtu ajitilie.

Mama alishika kiuno. Kumpa mgeni chai chungu siku ya Idi! Watasema tumekuwa mabahili. Lakini aliniachia.

Asubuhi ile wanaume walitoka msikitini moja kwa moja kuja kwetu. Nilijibanza nyuma ya pazia, nikiomba tu baba, aliyetangulia kurudi, atoke chumbani. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikunywa funda la kwanza, akakunja uso.

"Shemeji, sukari imekwisha Palma nzima?"

Mama akamwonyesha bakuli. Wakati huo baba akatoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaketi katikati yao, akamimina kutoka chupa ileile. Akabonyeza kikopo juu ya kikombe, vidonge viwili vikaanguka.

"Hiyo dawa?" baba mkubwa akauliza.

"Si dawa. Ni adosante. Sukari nimekatazwa, mnajua."

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya watu. Nilijikuta nimeng'ata pazia.

"Nasikia hivyo vinamaliza nguvu za kiume."

"Kaka, zako zilishakwisha. Jaribu bila wasiwasi."

Baraza zima lilicheka, nami nikakimbilia jikoni maana hayo si ya binti kusikiliza, lakini nilikuwa nacheka mpaka machozi. Niliporudi, baba mkubwa alikuwa ameshaonja. Alisema vinaacha ladha ya ajabu kooni, kisha akajitilia sukari juu yake, vijiko viwili. Mwingine alikipokea kikopo, akakigeuza, akakirudisha akisema yeye hali vitu vya maabara. Baba hakubishana naye. Alimimina kikombe cha pili.

Nilidhani watakapoondoka atarudi chumbani. Akavaa makubazi, akatoka nao kwenda nyumba ya jirani yuleyule wa pole. Nilifungua dirisha nisikie. Kabla hajafika hata mlangoni, sauti yake ilikuwa imeshaingia ndani:

"Hodi wenyewe, Idi mubaraka. Yangu mimi msiitie sukari."